Mwalimu wa Katogota amlilie nani?

Mwalimu wa Katogota, kijiji cha uwanda wa Ruzizi, na mwenzake wa Kinshasa wanafuata programu moja na kuandaa watoto kwa mtihani mmoja wa taifa. Hata hivyo, kwa miaka mingi serikali imewalipa tofauti kwa kisingizio cha kanda za mishahara, na wa kijijini ndiye aliyepunjwa. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure, Septemba 2019, hana tena hata ile prime, nyongeza aliyokuwa akilipwa na wazazi. Anaitegemea serikali peke yake.

Oktoba 2021 serikali ilikaa na sendika za walimu huko Bibwa, Kinshasa, mapatano kuhusu malipo yao yakatiwa saini. Septemba 2024, mwaka wa shule ulipofunguliwa, walimu wa Kivu ya Kusini waliweka chaki chini wakidai ahadi hizo zitimizwe. Shule zikifungwa hivyo, katika uwanda wa Ruzizi mwalimu hushika jembe, na wanafunzi wake huenda kwenye mpunga kuamia ndege. Hatuwalaumu walimu hata kidogo. Kifungu cha 39 cha Katiba kinawapa haki ya kugoma, na mtu hagomi akiwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo ndio haupo. Wafanyakazi wa kampuni wakigombana na tajiri wao, Kanuni ya Kazi ya 2002 inawapeleka kwa mkaguzi wa kazi awasuluhishe, na akishindwa, kwenye tume ya upatanishi. Sheria hiyohiyo inawaweka nje watumishi wa kudumu wa serikali. Kwa hiyo serikali ndiyo mwajiri, ndiyo inayoitisha kikao, ndiyo inayoamua kama imetimiza ahadi yake. Na Kongo ni nchi iliyoridhia mwaka 1969 Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda majadiliano ya pamoja!

Tunataka msuluhishi asiye chini ya wizara yoyote. Tunataka wajumbe wa walimu wa teritware ya Uvira wakae mezani, wasisubiri habari redioni. Na mapatano yachapishwe pamoja na tarehe za malipo.

Katiba inaidai serikali ifikishe mswada wa bajeti bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Wabunge wa Uvira, siku hiyo msipige makofi kabla hamjaonyeshwa fedha za mapatano ya Bibwa ziko mstari gani.