Mkasi Haujui Toba

Miongoni mwa sanaa zinazodharauliwa kwa unyonge wa zana zake, ukataji wa karatasi wastahili utetezi, maana mtu akisikia kwamba kazi nzima hutimizwa kwa mkasi na karatasi, huharakia kudhani kuwa ni mchezo wa watoto. Ilhali huko China, ambako makaburi ya Turpan yamehifadhi mapambo ya namna hiyo ya karne ya 6, akina mama wa vijijini wamerithishana ustadi huu vizazi kwa vizazi, hata mwaka 2009 UNESCO ikauingiza katika orodha yake ya urithi wa wanadamu.

Kaskazini ya nchi hiyo, madirisha yaliyowambwa karatasi nyeupe badala ya kioo yalibandikwa mapambo mekundu kila mwaka mpya ulipokaribia. Samaki hupendwa sana katika mapambo hayo, si kwa uzuri wa magamba yake, bali kwa kuwa jina lake katika lugha yao hutamkwa sawasawa na neno lenye maana ya ziada. Basi kumbandika dirishani ni kuomba riziki isiyopungua.

Mtazame fundi kazini. Huikunja karatasi, akapenyeza ncha ya mkasi, kisha mkono wa kushoto huigeuza karatasi polepole huku mkasi umetulia karibu pale pale. Ikiwa mistari ndiyo itakayobaki, sharti ishikane yote. Ikiwa mistari ndiyo itakayoondolewa, sharti uso wa karatasi ubaki umeungana. Akikata kiungo cha mwisho kwa ghafula, bawa la ndege laanguka sakafuni.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Penseli ina ufutio, na mtoto aliyezoea kufuta hujifunza kwamba kosa husahihishika, jambo ambalo lina faida yake. Lakini yafaa pia ajue, kabla hajakabidhiwa panga, kalamu ya hakimu, au hata ulimi wake mwenyewe, kwamba yako matendo yasiyo na marejeo, ambayo busara yake yote hukaa kabla ya tendo. Basi sanaa hii ifundishwe shuleni, na walimu wasiseme hakuna fedha: gazeti lolote, likishasomwa, latosha. Na samaki wa kwanza wa mwanafunzi akikatika vipande viwili, asipewe gundi. Apewe ukurasa mwingine.