Kasia la mvuvi siyo kikosi cha uokoaji

Kila ndege ndogo ikianguka nchi hii tunajua kinachofuata. Rambirambi, picha za viongozi wakiwa wameinamisha vichwa, "uchunguzi unaendelea", na mwisho kabisa "ni mapenzi ya Mungu". Baada ya wiki mbili, kimya. Mimi nakataa. Mungu hajengi viwanja vya ndege. Viwanja vinajengwa kwa kodi zetu, na asiyevitunza ana jina na ana ofisi.

Tuanzie Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilikuwa inajaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ikaishia ndani ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na kiwanja. Nani walifika wa kwanza? Wavuvi, na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisimulia kwamba alitumia kasia kufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walitoka hai. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili.

Halafu ripoti ya awali ya uchunguzi ikasema jambo ambalo lilitakiwa kumuondoa mtu kazini: polisi wanamaji walichelewa kufika, na walipofika, hewa ya wazamiaji haikutosha na mafuta ya boti pia hayakutosha. Jamani! Kiwanja kiko ufukweni, ndege zinapita juu ya maji miaka nenda rudi, halafu boti haina mafuta?

Majaliwa alipewa shilingi milioni moja na ajira Zimamoto. Nilimpigia makofi, na bado nampigia. Ila serikali inayomtunza mvuvi kwa kufanya kazi ya serikali inakuwa imeshakiri kosa lake, hata kama haijatamka.

Na hiyo ni Bukoba, mji mkubwa wenye kamera. Nenda porini sasa. Tarehe 28 Novemba 2023, kwenye kiwanja cha Kikoboga ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ndege yenye abiria ilipata ajali ikitua. Saa chache baadaye, siku hiyohiyo, kiwanja hichohicho, ndege nyingine ya aina ileile ikapata ajali ikijaribu kuruka, ikagonga jengo. Hakuna aliyekufa, tukashukuru, tukasahau. Mimi sijasahau. Swali langu ni dogo tu: baada ya ajali ya asubuhi, nani aliangalia kiwanja na kusema kiko salama kupokea na kurusha ndege nyingine?

Nazungumza kama mtu niliyeonja. Niliwahi kupanda ndege ya injini moja kwenda kufunga umeme wa jua kwenye kambi moja ya watalii. Tulipokaribia, rubani alishuka, akapita chini kabisa, akapaa tena. Pundamilia walikuwa katikati ya njia. Akazunguka. Dereva wa kambi ndiye aliyewafukuza kwa gari huku akipiga honi. Mara ya pili tukatua, changarawe ikirukia mabawa, udongo ukiwa bado umelowa mvua ya usiku. Nilivyoshuka nikatafuta gari la zimamoto. Nikaona mtungi mmoja wa kuzimia moto umeegemezwa kwenye mti. Kitambaa cha kuonyesha upepo kilikuwa kimechanika, kimebaki pete na nyuzi. Rubani akacheka, "Tumezoea." Hilo neno "tumezoea" ndilo linaloua.

Najua watakachojibu: "Tumenunua Dreamliner." Sawa, mmenunua. Mmejenga na Chato kiwanja chenye njia ya kilomita 3. Sisemi urefu wa njia ndio ulioizamisha ndege ya Bukoba, nisije nikasingiziwa. Nasema hela zilikuwepo. Zilipatikana za kilomita 3 za lami Chato, zikakosekana za dizeli ya boti Bukoba. Tuite hilo umaskini? Hapana, huo ni uchaguzi wa mtu.

Watajibu pia kwamba rubani alikosea. Huenda mara nyingine anakosea kweli. Ila rubani anayetua porini anakisia upepo kwa macho, hana wa kumwambia hali ya njia, na nyuma yake kuna ratiba na watalii waliolipia usiku wa leo. Akiamua kugeuza ndege anaulizwa hasara atalipa nani. Akijaribu akafa, anaitwa mzembe. Marehemu hajibu barua.

Kwa hiyo tudai mambo matatu yanayoeleweka. Moja, kiwanja chochote kinachopokea abiria wanaolipa, kiwe cha Mamlaka ya Viwanja vya Ndege au cha hifadhi, kiwe na kipima upepo kizima, mtu wa kukagua njia kabla ya kila ndege kutua, na vifaa vya moto vinavyofanya kazi. Kilicho kando ya maji kiwe na boti yenye mafuta, leo siyo kesho. Mbili, ripoti za mwisho za uchunguzi zitoke hadharani. Kanuni za kimataifa za anga zinataka zitoke ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Tatu, rubani anayekataa kutua alindwe na sheria dhidi ya mwajiri.

Vijana wenzangu, kila tiketi ya ndege ina tozo ya kiwanja na tozo ya usalama ndani yake. Muulize mbunge wako usalama huo uko wapi. Akikujibu kuhusu mapenzi ya Mungu, mkumbushe kwamba siku ile Bukoba Mungu alituma mvuvi. Serikali ilimtuma nani?