Kuchechemea si Kosa: Hoja Kuhusu Modeli za Mwendo wa Binadamu

Isimu ina tofauti kongwe ambayo yafaa izingatiwe pia na wahandisi wa roboti zinazovaliwa, nayo ni tofauti kati ya sarufi elekezi na sarufi fafanuzi. Ya kwanza huamuru watu waseme vipi. Ya pili hueleza jinsi wanavyosema. Modeli za kihisabati za mwendo wa binadamu zilianza kwa kufafanua. Zinapotiwa katika mashine iliyofungwa kwenye nyonga na goti la mtu, huweza kugeuka elekezi pasipo yeyote kutanabahi.

Mwaka 1836 ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walidai kwamba mguu ulio hewani hubembea wenyewe kama pendulamu. Mwishoni mwa karne ya 19, vipimo vya Wilhelm Braune na Otto Fischer vilionyesha kwamba misuli nayo hushiriki. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Mwili ulio juu ya mguu uliokanyaga huelezwa hadi leo kama pendulamu iliyopinduliwa, na mwaka 1990 Tad McGeer alionyesha kwamba kiunzi chenye miguu huweza kutembea kwenye mteremko mdogo bila mota, kwa nguvu ya uvutano peke yake.

Katika mwendo wa kawaida wa mtu mzima mwenye afya, kila mguu hukaa chini kwa takribani asilimia 60 ya mzunguko wa hatua na hewani kwa asilimia 40. Kompyuta ya roboti husoma vihisi, hukadiria mguu umefika sehemu gani ya mzunguko huo, kisha huiamuru mota isukume. Makadirio yakikosewa, msukumo huja wakati usiofaa, na mvaaji huweza kuanguka.

Hapa ndipo penye tatizo. Miongoni mwa wanaovalishwa roboti hizi kwa ajili ya tiba ni watu waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi. Hatua zao hazilingani: aghalabu mguu dhaifu hukaa chini muda mfupi kuliko ule wenye nguvu. Kiswahili kina vitenzi vya miendo ya namna hii, kama vile kuchechemea, kuchopea na kujikongoja, na vyote hutaja namna ya kwenda, wala si kushindwa kwenda. Modeli iliyojengwa juu ya vipimo vya watu wenye afya pekee huiona miendo hiyo kuwa hitilafu.

Yawezekana kupinga kwamba lengo la tiba ni kurejesha mwendo wa awali. Hoja hiyo ina uzito, kwani kuchechemea huchosha na huuelemea mguu ulio mzima. Lakini huenda pia ndiyo njia ambayo mwili umeipata ya kuepuka kuanguka. Kuiondoa kabla misuli haijapata nguvu ni sawa na kumnyang'anya mgonjwa mkongojo wake.

Kwa hiyo modeli haina budi kuanza na hatua za mvaaji mwenyewe, kila mguu ukipimwa peke yake. Asilimia 60 ibaki kuwa kipimo cha kulinganishia, isiwe amri.