UNAMSAJILI ACHEZE, AU ILI JIRANI ASIMPATE?

Kama wewe ni wa Moshi unajua mambo ya Desemba. Mabasi yanatoka Dar yamefurika mpaka kwenye keria. Wachaga wanarudi migombani kula Krismasi. Wanashuka na magodoro, majiko ya gesi, suti mpya, na mzigo mmoja ambao kondakta hautozi nauli: ubishi wa usajili.

Maana dirisha dogo nalo huwa linaangukia humo humo, kati ya Desemba na Januari. Panda Kibosho, panda Marangu, shuka Pasua, katiza sokoni Mbuyuni, kote wimbo ni mmoja. Nani kasaini? Nani kapigwa chini? Nani atasugua benchi? Kata ya mbege inazunguka, mangi wa Simba anaipokea kwa mangi wa Yanga huku wanaitana majina ambayo siwezi kuyaandika humu, gazeti hili linasomwa na watoto. Kuna mashemeji wanachinja mbuzi mmoja Krismasi halafu hawasemeshani mpaka Pasaka, chanzo ni namba kumi ya timu ambayo haina hata habari nao.

Leo naingilia ubishi huo, na atakayenuna anune. Nasema hivi: usajili wetu mwingi ni wa kukomoana. Tunasajili jina, hatusajili namba. Na anayeumia siyo yule tuliyemlenga.

KUKOMOA SIYO KUZIBA PENGO

Chukua mfano ambao kila mtu anaukumbuka. Julai 2024 Clatous Chama, Mzambia aliyeifanyia Simba makubwa tangu 2018, alivuka barabara akaenda Yanga. Aisee! Jangwani walikesha, Msimbazi wakanywea kama wamefiwa.

Haya, furaha ikaisha, mpira ukaanza. Chama anacheza wapi? Pale kati na pembeni Yanga walikuwa na Stephane Aziz Ki, aliyetoka kuwa mfungaji bora wa ligi ya 2023/24 kwa mabao 21. Walikuwa na Pacome Zouzoua. Walikuwa na Maxi Nzengeli. Wote hao wanataka mpira mguuni, na mpira uwanjani ni mmoja tu. Baada ya msimu mmoja Chama akaondoka zake, mwaka 2025.

Najua mtu wa Yanga ananijibu: "Si tulichukua ubingwa?" Kweli, mlichukua, wa nne mfululizo tangu 2021/22. Ila nikuulize kwa upole, mangi, huo ubingwa mngeukosa bila yeye? Kama jibu ni hapana, basi hela ile ilinunua huzuni ya jirani. Huzuni ya jirani haifungi mabao.

Na Simba wasicheke sana. Agosti 2020 walimbeba Bernard Morrison, Mghana aliyekuwa Yanga tangu Januari mwaka huo huo. Yanga wakasema huyu ana mkataba na sisi. Kesi ikasafiri mpaka mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS, kule Uswisi, na rufaa ya Yanga ikatupwa Novemba 2021. Unajua mwisho wake? Mwaka 2022 jamaa akarudi zake Jangwani! Mawakili walikula, sisi tulibaki na stori za kijiweni.

Kuziba pengo kunakuwaje? Angalia Simba ya 2017. Walikwenda Azam wakachukua watu wanne kwa mpigo: kipa Aishi Manula, mabeki Shomari Kapombe na Erasto Nyoni, na mshambuliaji John Bocco. Watu waliozoeana, wanaojua mwenzake anakimbilia wapi kabla hajakimbia. Msimu huo huo Emmanuel Okwi akarudi, akawa mfungaji bora kwa mabao 20. Mwaka uliofuata Meddie Kagere akaja kutoka Gor Mahia, akafunga 23, halafu 22. Ubingwa ukakaa Msimbazi miaka minne, 2017/18 mpaka 2020/21. Pale kulikuwa na hesabu: kipa, beki, mtu wa mbele.

Yanga nao walipiga hesabu hiyo hiyo 2021. Walileta kipa Djigui Diarra, mabeki Djuma Shabani na Yannick Bangala, kiungo mkabaji Khalid Aucho na mpachika mabao Fiston Mayele. Uti wa mgongo mzima, kuanzia golini mpaka mbele. Simba dirisha lile lile waliuza Chama kwenda RS Berkane na Luis Miquissone kwenda Al Ahly. Walipata mshiko, lakini waliuza macho yote mawili kwa mpigo. Yanga walimaliza ligi ya 2021/22 bila kufungwa hata mechi moja, na 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

UKIMTUPA, KUNA ANAYEOKOTA

Kuna upande wa pili ambao kwenye mbege hausemwi sana: kuacha watu. Tunajua kupokea mchezaji kwa ngoma, hatujui kumwacha kwa akili.

Amissi Tambwe alitoka Vital'O ya Burundi akaja Simba 2013. Msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Mwambie mtu yeyote wa Rombo asiyejua mpira kabisa, muulize mtu kama huyo unamfanyaje. Atakwambia unamfungia ndani na kumpikia mtori. Simba dirisha dogo la Desemba 2014 walimwacha, wakamleta Dan Sserunkuma wa Uganda kutoka Gor Mahia. Yanga dirisha hilo hilo wakamwokota Tambwe. Sserunkuma hakudumu. Tambwe 2015/16 akawa mfungaji bora tena, mabao 21, safari hii kwa jezi ya kijani.

Kisa nini? Alipoa miezi michache, watu wakasema kaisha. Straika kupoa ni kama kahawa ya mlimani, kuna mwaka inazaa na kuna mwaka inapumzika. Hukati mti kwa sababu ya msimu mmoja, meku. Unauangalia kwanza kama ni ugonjwa au ni uchovu.

NA SISI WA USHIRIKA?

Sasa nakuja nyumbani, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2019 Polisi Tanzania walipanda Ligi Kuu, wakawa wanautumia uwanja wetu wa Ushirika hapa Moshi. Tukapata raha ya kuona ligi bila kupanda basi. Mama wa ndizi choma anauza, kijana wa bodaboda anapata vichwa, na wewe unarudi nyumbani kwa miguu.

Tarehe 3 Oktoba 2019 Polisi wakaenda Dar kucheza na Yanga. Matokeo 3-3, na mabao yote matatu ya Polisi yalifungwa na mtu mmoja, Ditram Nchimbi. Wiki mbili baadaye akafunga na Taifa Stars kule Sudan, tukashinda 2-1 na kufuzu CHAN. Kijana alikuwa wa moto kweli kweli.

Unajua kilichofuata. Kwenye mpira wetu dawa ya mtu aliyekufunga ni kumsajili. Dirisha dogo la Desemba Nchimbi akaenda Yanga. Na Desemba hiyo hiyo kocha wa Polisi, Selemani Matola, akaenda Simba kuwa msaidizi. Mwezi mmoja, timu ya mlimani imepoteza mtu wa kupanga na mtu wa kufunga, mmoja kaelekea kulia, mwingine kushoto.

Nchimbi alipata nini? Jangwani mabao yake ya ligi yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, mashabiki wakamgeuza kichekesho. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kila kitu kingine. Polisi walicheza wakijua bao litatoka kwake, mipira ikimtafuta yeye. Yanga alikuta foleni. Tena alifika timu ikiwa mikononi mwa Boniface Mkwasa aliyeshikilia kwa muda, na Januari 2020 akaja Mbelgiji Luc Eymael. Kocha mgeni anakuta watu asiowachagua, anapanga anaowaona yeye. Ndo maana nasema aliyekusajili mara nyingi siye atakayekupanga.

Polisi nao tuwaambie ukweli. Nchimbi hakuwa mali yao, alikuwa kwa mkopo kutoka Azam. Mchezaji wa mkopo ana mwenyewe, na mwenyewe akiamua, wewe unabaki unapunga mkono. Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Timu inayosimama kwa miguu ya kukopa, siku mwenye miguu akija utakaa chini. Polisi walijitahidi misimu kadhaa, lakini mwisho wa 2022/23 wakashuka daraja, na Ligi Kuu ikaondoka Ushirika. Sisemi waliporomoka kwa sababu ya Nchimbi peke yake, miaka ilishapita. Nasema timu za mikoani zinafanywa kama kitalu cha miche: wengine wanapalilia, wakubwa wanakuja kung'oa.

KIJANA WA PASUA ASIKILIZE HAPA

Kuna atakayeniambia: "Wewe mwandishi una wivu, unataka vijana wabaki wakila vumbi?" Hapana bwana. Mpira ni kazi, na miguu haina pensheni. Kijana akiitwa Dar aende, tena aende mbio. Hela ile inajenga nyumba ya mama na kusomesha wadogo zake. Ila kabla ya kushika kalamu aulize mambo matatu, na asione haya.

La kwanza, nani anacheza namba yangu sasa hivi, na ana mkataba wa miaka mingapi? Kumbuka miaka hii ya karibuni kanuni imeruhusu klabu kusajili wageni hadi 12. Ukiwa straika Mtanzania huendi kushindana na mtu wa Mwanza peke yake, unashindana na Kongo, Burkina Faso na Ivory Coast. Inawezekana kabisa, lakini ujue unaingia kwenye foleni ipi. Hata Manula, aliyekuwa kipa namba moja wa taifa, Simba walipoleta Ayoub Lakred 2023 na Moussa Camara 2024, alijikuta anaangalia mechi kama mimi na wewe.

La pili, nani amenitaka, kocha au kiongozi? Kama ni kiongozi anayetaka kupigiwa makofi kwenye mkutano wa wanachama, shtuka. Makofi yakiisha, kocha ndiye anayeandika majina 11.

La tatu, nisipopangwa, mkataba unasemaje? Naruhusiwa kwenda kwa mkopo? Ama nitafungiwa kabatini kama sahani za wageni?

Mtazame Mbwana Samatta. Alitoka African Lyon akaenda Simba 2010, mwaka uliofuata akaenda TP Mazembe. Hakuruka moja kwa moja kwenda Ulaya kukaa jukwaani. Alikaa Lubumbashi akicheza, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akatajwa mchezaji bora Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo 2016 akaenda Genk, na Januari 2020 Aston Villa. Kila ngazi alipanda akiwa na namba yake. Ngazi ya mlima huu wetu ni hivyo hivyo, ukitoka Marangu getini unapita Mandara, unapita Horombo, unalala. Anayekimbilia Kibo siku moja anashushwa kwenye machela.

TUBISHANE VIZURI

Sisemi tuache ubishi. Krismasi bila ubishi wa usajili ni kama mtori bila nyama. Nasema tubadilishe swali. Mtu akija na habari kwamba tumemchukua fulani kutoka kwa watani, usikimbilie kushangilia wala kununa. Mwulize anakwenda kucheza namba ngapi, anamtoa nani, na huyo anayetolewa anakwenda wapi. Akikwama swali la kwanza, mwambie akae chini anywe mbege yake, huo ni usajili wa kukomoa.

Na kama kuna kijana wenu anayepiga mpira pale Majengo au kule Machame na ameanza kunyemelewa na mawakala, tafadhali msimwimbie tu nyimbo za Msimbazi na Jangwani. Msomeeni mkataba. Kwenye ukoo hakosekani mwalimu mstaafu mwenye miwani, mpeni kazi hiyo yeye. Sisi mashabiki tukikosea tunabadilisha stori Jumatatu. Yeye akikosea, ameacha miaka yake mitatu kwenye benchi la watu.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Mashemeji salimianeni.