Umbo Nalo Lina Amri

Wako watu wasemao kuwa kemia ni hesabu ya herufi tu: andika vilivyo kushoto, linganisha na vilivyo kulia, kazi imekwisha. Mwanafunzi mpenzi, usiwasadiki. Karatasi ni bapa, lakini molekuli zina unene na pembe, nazo hugombea nafasi kama watu katika mlango mwembamba.

Tazama kazi ya Wajerumani wawili, Otto Diels na Kurt Alder, waliyoieleza mwaka 1928, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Molekuli moja hutoa kaboni nne, ya pili hutoa mbili, zikashikana kuwa pete ya kaboni sita. Furani na anhidridi ya maleiki huungana hivyo bila taabu, hata katika joto la kawaida la chumbani.

Sasa ondoa hidrojeni mbili za anhidridi hiyo, uweke methili mbili mahali pake. Kwenye karatasi hapana kizuizi. Tena ingekuwa njia fupi ya kutengeneza kantharidini, sumu ya mbawakawa ibabuayo ngozi. Lakini katika chupa njia hiyo ilishindwa. Methili zimekaa pale pale panapofungwa vifungo vipya, zikasongamana. Na kiungo chenye msongamano huo huelekea kuachana kuliko kushikana.

Je, herufi zilikuonya? Hata kidogo! Waliotafakari umbo ndio walioshinda. Mwaka 1980 William Dauben na wenzake, huko Marekani, waliziunganisha kaboni za methili hizo kwa salfa, zikavutwa nyuma kama mikono iliyofungwa, wakatia mgandamizo upatao mara 15,000 ya ule wa hewa. Muungano ukafanyika, kisha salfa ikaondolewa, na kantharidini ikapatikana.

Watasema mtihani hauulizi hayo. Basi mtihani wapita kwa siku moja, na ujinga wakaa maisha. Watasema vifaa ni ghali. Udongo wa mfinyanzi na njiti za kiberiti ni ghali tangu lini? Akaririye mlinganyo asiyejua umbo ni kama asomaye ramani asijue kuwa milima ina urefu: atapanga safari ya saa moja, ashindwe mguuni pa mlima.

Kwa hiyo, kabla hujaandika kuwa vitu viwili vitaungana, viumbe kwa mikono yako, uvikaribishe, uulize: je, vyaweza kufikiana?