Mtoto akisema "tachidauni", mzazi ajue anasema nini

Jumamosi asubuhi, katika familia za Goma zenye ndugu Marekani, mara nyingine simu inalia mapema. Shule za sekondari za kule huwa zinacheza futiboli yao Ijumaa jioni, na kwa sababu ya tofauti ya saa habari inafika Goma wakati chai iko motoni. Kijana anapaza sauti: "Bibi, nimepata tachidauni!" Bibi anajibu, "Mungu asifiwe!" Kisha anawageukia waliokaa karibu: "Amepata nini?" Hakuna anayejua.

Jambo hilo linachekesha, lakini lisiishie kwenye kicheko. Maelfu ya Wakongomani waliopitia kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda au Kiziba nchini Rwanda, leo wanaishi Marekani. Watoto wao wanasoma kule, na wengine wanajiunga na ekipe ya shule. Mzazi analetewa karatasi ya kutia sahihi. Haielewi, lakini anaitia sahihi kwa kuwa mtoto amesema ni ya shule. Mzazi mwingine anakataa kabisa: huo si mpira, ni vita, na vita yeye alivikimbia. Mmoja amekubali na mwingine amekataa, lakini wote wawili wameamua bila kujua.

Maneno ya lazima si mengi. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani karibu mita 91, na kila mwisho kuna eneo la yadi 10 linaloitwa endi zoni. Kila ekipe ina wachezaji 11 uwanjani. Ekipe yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Kila jaribio linaitwa dauni. Ikifaulu, inahesabiwa upya majaribio manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana mchezo unasimama kila mara: watu hawajachoka, wanapanga jaribio linalofuata.

Anayepanga na kurusha mpira ni kwotabeki. Anayeubeba na kukimbia nao ni raning beki. Mpira ukifikishwa ndani ya endi zoni, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya milingoti, ni fildi goli, pointi 3. Hapo kijana aliyekulia kwenye kandanda ana faida, maana ekipe inahitaji mtu mwenye mguu mzuri.

Neno moja linadanganya: takeli. Kwa wanaosikiliza mechi za kandanda redioni, hiyo ni kuteleza na kuunyang'anya mpira kwa mguu. Kule ni kumshika mwenye mpira kwa mikono na kumwangusha chini. Mtoto akisema amepigwa takeli mara kumi, ameangushwa mara kumi.

Wakongomani si wageni katika mchezo huo. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Kanada, akacheza kama raning beki katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1995, katika mechi moja dhidi ya Ohio State, alikimbia na mpira yadi 313. Mwaka uliofuata alichaguliwa na Carolina Panthers, ekipe ya ligi kuu. Asiyejua dauni atasikia namba tu. Anayejua kwamba ekipe nzima inahangaika kupata yadi 10 ataelewa kijana huyo alifanya nini.

Lakini neno ambalo mzazi asilikose kabisa ni konkashoni, yaani ubongo kutikisika baada ya kugongwa. Kofia ngumu inalinda fuvu, haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Si lazima mtoto azimie. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kusahau, kuchukia mwangaza. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria kuhusu jeraha hilo kwa wanamichezo vijana. Kwa kawaida sheria hizo zinataka anayeshukiwa kuumia atolewe uwanjani, asirudi mpaka mtaalamu wa afya aruhusu. Mara nyingi mojawapo ya karatasi zinazoletwa nyumbani inaeleza hilo hilo.

Kijana anaweza kuficha maumivu ili asipoteze nafasi yake. Kocha ana wachezaji wengi wa kuangalia. Mzazi ndiye anayemwona mtoto wake asubuhi, akijua jinsi anavyoamka siku zote. Akikosa neno, ataona dalili na kudhani ni uchovu.

Kwa hiyo mzazi aliyeko Marekani ana haki ya kuomba mkalimani kabla ya kutia sahihi, na asione haya. Viongozi wa jamii na wa makanisa ya Wakongomani kule wanaweza kuwakusanya wazazi saa moja tu mwanzoni mwa msimu na kuwaeleza maneno haya kwa Kiswahili. Baada ya hapo, mzazi akikubali au akikataa, atakuwa ameamua akijua.

Na ndugu waliobaki Goma, Bukavu au Uvira wasidhani hawahusiki. Kijana akipiga simu kushangilia tachidauni, bibi amshangilie kwa sauti, kisha amuulize: "Waliokuangusha ni wangapi? Na kichwa, hakiumi?"