Usinionyeshe Bao Moja, Nionyeshe Daftari

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ile frikiki ya Bulla Iftin. Mpira unapinda, unapita juu ya ukuta wa watu, unaingia pembeni kabisa. Wengi mliandika kwamba mimi ni moto. Sasa wacha niseme ukweli: hiyo ilikuwa ya 32. Zile 31 za kwanza nilizifuta kwenye simu kabla hata sijafika nyumbani.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu yatawakera. Sisi hapa Garissa hatukosi penalti kwa sababu ya upepo, wala jicho la watu, wala mpira uliotobolewa na miiba ya mathenge ukashonwa mara tatu. Tunakosa kwa sababu hatuhesabu. Na kwa vile hatuhesabu, tukishindwa tunamtafuta mtu wa kubeba lawama.

Mwaka jana tulimpata. Fainali ya mtaa, mikwaju ya penalti, kijana wa miaka 17 akagonga mlingoti. Walahi alitukanwa hadi mlangoni kwao. Mimi pia niliandika kitu hapa, kisha nikakifuta asubuhi, lakini watu walishakisoma. Alikaa miezi miwili bila kuja uwanjani.

Kilichonifungua macho ni gofu. Ndio, gofu, cheka tu. Garissa mimi sijawahi kuona uwanja wa gofu, na hata tukipanda nyasi, nadhani mbuzi watafika kabla ya wachezaji. Lakini nilipokuwa nasoma Nairobi nilipata kibarua cha kuokota mipira kwenye uwanja wa kufanyia mazoezi ya gofu. Kila jioni walikuja watu na fimbo za bei ya ngamia. Mtu ananunua ndoo ya mipira, anatoa fimbo moja, anapiga pa, pa, pa, hadi ndoo iishe. Mipira kumi ya mwisho inaenda vizuri, anarudi nyumbani na furaha. Wiki ijayo anarudi na makosa yale yale.

Halafu kulikuwa na mzee mmoja, zamani alikuwa kedi, anabeba mifuko ya wengine. Fimbo zake zilikuwa kuukuu. Alikuwa na daftari la hesabu, lile la miraba. Kabla ya kupiga anataja mahali anapolenga, anapiga, anaandika mpira umeangukia wapi. Kisha anabadilisha fimbo. Nikamuuliza, mzee, mbona usikae na moja mpaka uizoee? Akanijibu kwamba kwenye mchezo wenyewe hakuna anayekupa mpira ule ule mara mbili. Akimaliza kupiga anainama kuangalia pale fimbo ilipokwangua nyasi: imekwangua mbele ya mpira ama nyuma, imeelekea kushoto ama kulia. Hapo ndipo anapojua kama swingi yake, yaani ule mzunguko wa fimbo, inajirudia sawasawa ama inamdanganya.

Nilirudi na wazo hilo. Nyasi hatuna, lakini tuna kitu bora: mchanga. Mchanga wetu unaandika kila kitu. Ukipiga penalti, mguu unaosimama unaacha alama kando ya mpira. Pima kwa shibiri kutoka alama hadi mpira ulipokuwa. Mimi nilidhani napiga kwa mtindo mmoja kila mara. Kumbe mguu wangu mara uko shibiri moja, mara karibu mbili. Zile za mbali ndizo zilikuwa zinaruka juu ya goli!

Basi tukakubaliana watu sita. Mita 11 tulizipima kwa tepu ya fundi wa mbao, si kwa hatua za refa. Kamba mbili tukazifunga golini kugawanya kushoto, kati na kulia. Kila mtu penalti 20 baada ya Asr, lakini si mfululizo: unapiga moja, unakimbia hadi laini ya katikati na kurudi, unasubiri zamu. Unamnong'oneza mwandishi upande unaolenga kabla ya kupiga. Ukilenga kulia ikaingia kushoto, tunaandika bao, lakini tunaliwekea alama, maana hilo ni bao la bahati.

Jioni moja haitoshi, usidanganywe na jioni moja. Tulifanya kumi. Kapteni wetu, ambaye kila mtu humwamini, alipata 121 kati ya 200. Mimi 134. Yule kijana tuliyemtukana, ambaye nilienda kwao mwenyewe kumwomba msamaha na kumrudisha, alipata 158.

Soma tena. Huyo ndiye tuliyesema hajui. Hata wachezaji wa kulipwa Ulaya hufunga karibu tatu tu katika kila penalti nne. Kwa hiyo mpigaji wetu bora kabisa atakosa moja kati ya tano, na siku ile ilikuwa zamu ya hiyo moja.

Kuna wadau wataniambia Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video tu, hakuhitaji daftari. Hii hadithi tunaisimulia nusu. Kweli alitazama YouTube. Lakini mkuki ukianguka kuna tepu inayosubiri, na tepu haijui kusifia mtu. Zile mita 92.72 alizoshindia ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 zilikuja baada ya miaka ya mirusho iliyopimwa, mingi yake mifupi. Ungekuwa unafuta mirusho mifupi kama mimi nilivyofuta zile 31, ungejuaje kama unaenda mbele?

Makocha, najua mna kazi nyingi na hamlipwi. Lakini kumchagua mpigaji kwa sauti yake kubwa ama kwa jina la mjomba wake, hiyo si kazi ya ukocha. Daftari ni shilingi chache.

Mashindano yanayofuata yako karibu. Orodha ya wapigaji imebandikwa, imefuata hesabu, na kapteni amekubali kuwa wa tano bila kelele. Jina la kwanza ni la yule kijana. Jana nilimuuliza kama yuko tayari. Akaniambia, "Walaal, wacha kwanza nipige zile ishirini za leo."